Intaneti ya akiba isipite nguzo ileile

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii biashara ya kuuziana intaneti ya akiba majumbani. Saivi watu wengi wanafanyia kazi nyumbani, kamera za geti ziko kwenye waifai, tivii nayo inataka bando, mtandao ukikata nyumba nzima inaduwaa. Kwaiyo mtu anaona bora avute mtandao wa pili, na mi naona yuko sahihi kabisa, ila wauzaji wengi hawamwambii huo wa pili unapita wapi.

Unakuta mtu ana faiba ya kampuni moja anaongeza faiba ya kampuni nyingine, kila mwezi analipia zote mbili, kumbe waya zote zimening'inia kwenye nguzo zilezile za mtaani. Lori la mchanga likinasa waya zinaondoka zote kwa mpigo. Hizo ni ndoo mbili chini ya bomba moja. Kama wa kwanza ni faiba, wa pili uwe wa hewani, yani ruta ya laini ya simu ya 4G au 5G, na ikiwezekana kampuni isiwe hiyohiyo ya faiba.

Na hata hapo usijidanganye kwamba umemaliza. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tuliumia vibaya, mwenye faiba na mwenye bando la simu wote walikuwa wanalia, kwa sababu huku mtaani ni njia mbili lakini zikifika baharini zilikuwa zinategemea nyaya zilezile. Kenya nao walitikisika ingawa Mombasa wana nyaya zingine kama TEAMS na PEACE. Kwa janga la namna hiyo labda setilaiti ndo ingekusaidia, na hiyo sio bei ya kila mtu.

Sasa nije kwenye ufungaji maana hapa ndo pesa za watu zinapotea. Fundi anakuja, anachomeka laini zote mbili kwenye ruta yenye milango miwili ya intaneti, anachomoa waya wa faiba mbele yako, mtandao unahamia laini ya simu, unafurahi, unalipa. Jaribio hilo halitoshi!! Faiba ikikatika huko barabarani, kile kiboksi cha faiba ukutani bado kinawaka, kinawasha tu taa nyekundu ya LOS, yani mwanga wa faiba haufiki, na ule waya mfupi kutoka kwenye kiboksi kwenda kwenye ruta bado uko hai, kwaiyo ruta ya kizembe inaona kila kitu kiko poa na haihami ng'o. Mwambie fundi aiweke ruta ipingi, yani ibishe hodi na kusubiri jibu, kwenye anwani za huko nje kwenye intaneti kama 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kila baada ya sekunde chache, zikikosa kujibu mara kadhaa ndo ihame. Alafu mwambie achomoe ule waya mwembamba wa faiba wenyewe, sio wa ruta, ndo mtaona ukweli.

Kuna mengine madogo yanayosumbua. Kiboksi cha faiba na ruta ya 4G mara nyingi vyote vinakuja na anwani ileile ya ndani, 192.168.1.1, vikigongana hapo ni vurugu, kimoja kibadilishwe. DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, usiiache ya kampuni ya faiba, ukihamia kwingine inaweza isikujibu na utadhani mtandao umekufa kumbe ni majina tu hayafunguki. Na ukihama katikati ya kikao cha video itakata kidogo urudi, hilo ni kawaida. Kamera ukizoea kuifungua ukiwa nje kwa anwani ya faiba, kwenye laini ya simu haitafunguka. Muhimu zaidi zuia tivii na apudeti za kompyuta zisipite kwenye akiba, la sivyo bando la mwezi linaisha usiku mmoja na asubuhi hujui limeenda wapi.

Umeme nao. Kiboksi cha faiba na ruta vingi vinatumia volti 12 (soma kwanza kwenye adapta) na zipo UPS, yani betri za akiba, ndogo za kazi hiyo, lakini vyote viwili viwekewe, sio ruta peke yake.

Ombi langu kwa makampuni, na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, kama wanasoma, mteja akiuliza waya wenu unapita nguzo za nani na mnatoka nje ya nchi kwa nyaya zipi ajibiwe, na iandikwe kwenye fomu kabla hajalipa hela ya kufungiwa. Ukiwauliza saivi wanakutajia spidi tu.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam