Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja wa Wakazi

Ndugu wajumbe, salaam.

Mambo ya kawaida mnayajua, sitawachosha. Kamati imekaa vikao vinne, misiba tumezikana, njia ya zahanati tumeifyeka, turubai jipya limenunuliwa na tayari lina tobo (aliyelitoboa anajijua). Walioandikishwa 214, waliolipa ada 87. Makusanyo Sh. 1,044,000, matumizi Sh. 781,500, baki Sh. 262,500. Vitabu anavyo mhazini.

Tuje kwenye jambo lililowatoa watu povu: jina tulilopendekeza kwa ajili ya bodi ya chombo cha watumia maji.

Umoja umependekeza tu. Watakaochagua ni wanakijiji kwenye mkutano wa hadhara. Tuliyempendekeza ni mama yetu wa kitongoji cha juu, karani wa hesabu mstaafu wa chama cha ushirika. Wapo wanaosema hajui hata kufunga koki. Ni kweli, hajui. Lakini tangu Sheria ya maji Na. 5 ya 2019 ilipokuja na RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaanza kazi, maji yetu hayaendeshwi tena kwa daftari la kamati ya kijiji. Chombo kimoja kinabeba vijiji kadhaa, kinakusanya fedha za magati (vituo vya kuchotea maji) na za waliovuta maji majumbani, na fundi kinaye, analipwa mshahara. Tunachokosa pale mezani ni mtu wa kumwuliza mhasibu: lita zilizopita kwenye dira kubwa ni hizi, fedha iliyoingia benki ni hii, mbona haviendani? Mama huyu amefanya kazi ya kulinganisha stakabadhi za kahawa na mizani maisha yake yote, na wakulima waliokuwa wakipunjwa kilo wanamkumbuka.

Kijana wetu fundi bomba, ambaye wengi mlimtaka, ni hodari na ninamheshimu. Ila yeye ndiye anayekiuzia chombo viungio vya mabomba. Akikaa kwenye bodi, ankara zake atazipitisha nani?

Nimesikia pia kwamba mama huyo ni shemeji yangu. Ndiyo, ni shemeji. Kura ilipopigwa kwenye kamati nilitoka nje, na katibu ameliandika hilo kwenye muhtasari. Kwamba nilikwisha kutoa maoni yangu kabla ya kutoka, hiyo ni haki ya mjumbe yeyote. Na niwakumbushe ni nani aliyekwenda wilayani mara kwa mara, kwa nauli yake, hadi gati la shuleni likarudi kutoa maji.

Wanaodai wanachama hawakushirikishwa, kikao cha wanachama wote kiliitishwa kwa barua na kwa kipaza sauti cha msikiti. Walikuja watu 19, na sita kati yao walidhani kuna ugawaji wa mbegu. Kamati ingesubiri mpaka lini? Waliopiga kelele zaidi baadaye, nimewaangalia kwenye daftari: wengi hawajalipa ada miaka miwili. Shilingi elfu kumi na mbili kwa mwaka, ndugu zangu.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza viti na kuangalia uwezekano wa mradi wa kuku. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi mpaka saa kumi.

Naomba kuwasilisha.