Barua kwa Mama Salma: hiyo karatasi usiisaini

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Mama Salma, shoga yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini. Pole mno, mwaya. Siku nne hospitalini hapo Houston kwa Salmonella, vile vimelea vya kuharisha, kwa sababu ya matango ya kachumbari ya pilau! Huo uji utie chumvi kidogo, na jikoni mwachie Salma, si mtoto tena.

Sasa hiyo karatasi ya duka iliyokuja na kadi ya manunuzi ya dola 200. Usiisaini. Mstari wa mwisho umenisomea mwenyewe: ukisaini, humdai tena mtu yeyote, si duka, si msambazaji, si shamba. Dola 200 hazilipi hata gari la wagonjwa lililokubeba. Wakikurudishia bei ya matango bila karatasi, pokea.

Unasema kesi iko wazi kwa kuwa matango yametangazwa yaondolewe madukani. Na sisi tulidhani hivyo. Unamkumbuka Baba Faraja alivyolala wiki nzima, mwaka ule wa matikiti? Tangazo lilitoka hadi kwenye televisheni. Wakili akatuuliza mawili tu: risiti iko wapi, na choo kilioteshwa, yaani vimelea vyake vilikuzwa, maabara gani? Risiti tulishaitupa. Hospitali walifanya kile kipimo cha haraka, kikasema Salmonella, wakampa dawa, wakatuaga. Wakili naye akatupa pole na glasi ya maji. Tangazo linasema matango fulani yana vimelea. Halisemi kwamba wewe uliyala, wala kwamba vilivyokulaza ndivyo vilivyotoka shambani. Salmonella ina aina chungu nzima, hata kwenye mayai unaipata.

Kwa hiyo kesho asubuhi piga simu hospitali. Uliza kama choo chako kilioteshwa, na kama vimelea vilipelekwa maabara ya jimbo. Kipimo cha haraka kinakupa jina la ugonjwa tu. Vikishaoteshwa, ndipo maabara ya serikali inasoma vinasaba vyake na kuvilinganisha na vya wagonjwa wengine nchi nzima, kwenye mtandao wao wa PulseNet ulioanza 1996. Vikifanana na vya matango yale, mawakili wa shamba wataanza kutokwa jasho. Idara ya afya wakikupigia kuuliza ulikula nini, ongea nao. Nakujua, namba ngeni hupokei. Safari hii pokea. Risiti kama huna, angalia taarifa ya benki, au waombe dukani rekodi ya ile kadi yako ya pointi.

Sheria yenyewe si mbaya kwako. Huhitaji kuthibitisha kwamba mkulima alizembea. Onyesha tango lilitoka kwake likiwa na hatari na likakudhuru. Kwa duka ndiko kugumu. Texas inamlinda muuzaji ambaye hakuzalisha bidhaa, isipokuwa kwa mambo machache, mfano alijua ina tatizo akaendelea kuuza, au mzalishaji amefilisika, au yuko mahali ambako mahakama haiwezi kumfikia. Basi itafute vizuri tarehe uliyonunua. Kama ni baada ya tangazo, wakili alijue hilo siku ya kwanza. Na kufilisika kunatokea kweli: mwaka 2011 matikiti ya Jensen Farms, Colorado, yalibeba Listeria, vimelea vingine vya chakula, watu 33 wakafa, na mwaka uliofuata shamba likatangaza limefilisika.

Muda ulio nao wa kufungua kesi ni miaka miwili. Kule Tennessee ni mmoja tu, kwa hiyo usisikilize ya watu wa Nashville. Lakini pia usikimbilie kumalizana nao mwezi huu. Salmonella ikishaondoka, wengine huanza kuumwa magoti na vifundo vya miguu wiki kadhaa baadaye, na ukishapokea hela hurudi kudai tena. Zamu ulizokosa kazini ziandike zote.

Wakili wa mambo haya halipwi mwanzoni. Huchukua theluthi ya fidia, wengine hata asilimia 40. Mkataba uwe wa maandishi, na umuulize gharama za wataalamu zinakatwa wapi. Bima yako nayo itataka irudishiwe ilicholipa hospitali, usije ukashtuka. Wakili akikukatalia, ipo mahakama ndogo ya kaunti inayosikiliza madai hadi dola 20,000, unaingia mwenyewe bila wakili. Ila hata huko wataulizia hicho choo.

Nitakupigia Jumanne nikitoka zamu. Na lile tango ulilosema limebaki kwenye friji, usilitupe. Lifunge kwenye mfuko, andika tarehe, lisukume chini kabisa kwenye friza. Mwambie Baba Salma, wallahi, asije akalikatia saladi.

Wako,
Mama Faraja