Kiwanda kikikwama, usanifu hukwama nacho

Mhariri,

Wanaoandika kuhusu Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, hupenda kusema wahandisi wake walizembea baada ya 2015. Mimi naona kosa lilikuwa kwenye ratiba.

Kwa karibu miaka kumi kampuni ilifuata mpango ulioitwa "tick-tock": toleo moja huchukua usanifu uliozoeleka na kuuhamishia kwenye teknolojia mpya ya uzalishaji, linalofuata huleta usanifu mpya juu ya teknolojia iliyokwisha kutulia. Prosesa za Ivy Bridge za 2012 zilileta teknolojia ya nanometa 22 (namba ikipungua, sehemu za chipu ni ndogo zaidi) na transista, yaani swichi ndogo mno, za kusimama, lakini usanifu ulikuwa kwa sehemu kubwa ule wa Sandy Bridge ya 2011. Chipu ikigoma, unajua pa kuanzia kutafuta. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, hujui kama kosa liko kwenye mchoro au kwenye mashine, na kila sahihisho hula wiki nyingi, maana kisahani cha silikoni hupitia mamia ya hatua kiwandani.

Nanometa 14 zilichelewa. Nanometa 10 ndizo zilizovunja mpango. Lengo lilikuwa kubana transista mara 2.7 zaidi katika eneo lile lile, kwa kuchora kwa mwanga wa nanometa 193. Kwenye tabaka zenye mistari myembamba zaidi, mstari mmoja uliochorwa ulibidi uzae minne, kisha ikatwe kwa violezo vingine, yaani mabamba yanayoongoza mwanga huo. Kiolezo kikihama kidogo tu, chipu ni ya kutupwa.

Hapo ndipo ratiba ilipouma. Kiini kipya cha Sunny Cove (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu) kilikuwa kimechorwa kwa nanometa 10, kwa hiyo kompyuta za mezani zilibaki na kiini cha Skylake cha 2015 hadi Comet Lake ya 2020. Rocket Lake ya 2021 ilikichora upya kiini cha Sunny Cove kwa nanometa 14. Kikavimba, na prosesa ya juu kabisa ikashuka kutoka viini 10 hadi 8.

AMD, washindani wa Intel, walikwisha kukata fundo hilo 2019 kwa kuigawa prosesa vipande: viini vya Ryzen 3000 kwenye kipande cha nanometa 7 kutoka TSMC, sehemu za mawasiliano na za kudhibiti kumbukumbu kwenye kipande cha nanometa 12 kutoka GlobalFoundries, viwanda vinavyotengeneza chipu za wengine. Intel nao wakaja na Meteor Lake, Desemba 2023: viini vikuu kwenye kipande cha kiwanda chao, sehemu ya kuonyesha picha kwenye kipande cha TSMC.