Jumuiya yetu inunue 458 moja, iache shotigani tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya jambo linalotugawa huku kwetu Tunduru. Jumuiya yetu ya hifadhi imepata mgao wa kitalu cha uwindaji, na sehemu ya fedha itanunua silaha za askari wa vijiji wanaozuia tembo mashambani. Katika mkutano uliopita wajumbe wengi waliunga mkono hoja moja: kwa bei ya bunduki ya 458, ile kubwa ya kupigia tembo, tunapata shotigani tano, kila kijiji na yake. Nilisimama kupinga, nikapewa dakika mbili. Hazikunitosha.

Nimekuwa askari wa wanyamapori kwa miaka 31. Nilianza 1984, nikawamo katika Operesheni Uhai ya 1989 ya kupambana na ujangili, nikastaafu 2015. Silaha hizo zote mbili nimezibeba begani, usiku, katika mashamba ya mpunga.

Mei 1996 kituo chetu kilikuwa na 458 moja, Brno ya Chekoslovakia, na shotigani tatu. Usiku mmoja wito ulitoka vijiji viwili kwa pamoja. Mimi nilishika njia moja na 458, kijana mwenzangu akashika nyingine na shotigani. Alimkuta tembo dume katikati ya mpunga, kama hatua 30 hivi, akampiga mara mbili. Tembo akaondoka, na wenye shamba wakamzawadia kijana kuku. Siku ya tatu mama mmoja alikwenda mtoni kuchota maji, akakutana na dume yule kwenye matete. Tulichokikuta pale sitakieleza, watoto wake wako hai na wanasoma magazeti. Nilifuata nyayo tangu asubuhi, nikammaliza tembo jioni. Tulipopasua mguu wa mbele tulikuta marisau, zile chembe za risasi ya shotigani, yamejikita kwenye goti, nyama imeoza, usaha unatoka. Siku tatu alikuwa akitembea na maumivu hayo. Mwenzangu aliacha kazi mwaka uleule.

Sikumlaumu. Alitumwa kazi na kupewa kitu kisichoiweza. Fuvu la tembo ndani lina matundu matundu kama sega la nyuki, na ubongo umejificha nyuma kabisa. Chembe za shotigani huishia njiani. Zitakachofanya ni kumtia jeraha na hasira. Risasi ya 458 ni kipande kimoja cha gramu 32 na ushee, na ilibuniwa mwaka 1956 kwa ajili ya wanyama wa namna hiyo.

Najua hoja yenye nguvu ya upande wa pili, na mzee aliyeitoa namheshimu: bunduki moja haiwezi kulala vijiji vitano kwa usiku mmoja. Ni kweli. Lakini usiku mwingi tembo hahitaji bunduki. Anahitaji tochi kali ya kummulika machoni, honi, na fataki iliyofungwa pamoja na mchanga na unga wa pilipili. Vitu hivyo vinaweza kuwa katika kila kijiji, hata kila kitongoji. Na kumuua tembo si uamuzi wa askari wa kijiji, ni wa mamlaka ya wanyamapori. Ikifika hatua hiyo, au tembo akigeuka na kuja, hapo ndipo 458 inatakiwa, na mtu anayeijua. Mwaka 1996 wito ulitufikia kwa baiskeli. Leo ni simu na pikipiki.

Wajumbe wamehesabu bei ya dukani tu. Shotigani tano ni leseni tano, masanduku matano ya chuma, watu watano wa kufundishwa, na risasi za mara tano. Fedha hizo ndizo za tochi na pilipili. Isitoshe, silaha inayolala nyumbani kwa mtu ina vishawishi vyake. Katika Operesheni Uhai tulikamata bunduki zenye leseni halali mikononi mwa majangili. Wenyewe walikuwa wamezikodisha. Silaha moja kwenye ghala moja, daftari moja, saini ya kutoka na ya kurudi, nitaiona kila Ijumaa. Tano nitaziona lini?

Nakubali shotigani moja kwa ajili ya nyani na nguruwe pori, maana kwa hao inafaa sana.

Ombi langu jingine ni la risasi. 458 hupiga bega kama teke la punda, na mtu aliyeifyatua mara moja tu hufumba macho kabla ya kuvuta kifyatuo. Nimewaona wengi, wakiwemo wenye vyeo. Wateuliwe vijana wawili watulivu, si lazima wawe wenye nguvu, na kila mmoja apige shabaha si chini ya risasi 20 kwa mwaka. Ni ghali, nafahamu. Ziandikwe kwenye bajeti ileile ya kununulia bunduki, zisiachwe za baadaye.

Mkutano umeahirishwa hadi korosho ziuzwe. Nitakuwepo, na nikiruhusiwa nitawafundisha vijana hao mwenyewe, bila posho.

Askari mstaafu wa wanyamapori,
Tunduru, Ruvuma