Baharia akianguka usiku, tutamjuaje alipo?

Mhariri,

Chombo kinachokwenda maili 6 za baharini kwa saa humwacha aliyeanguka takriban mita 185 nyuma kila dakika, na wakati wa kusi kichwa cha mtu mawimbini huwa kama dafu, mara kinaonekana, mara hakionekani. Usiku mmoja nje ya Kiwayu tulimkosa mwenzetu aliyekwenda tezini, nyuma ya chombo, kujisaidia. Tulimpata kwa sauti yake tu, baada ya kuzima injini.

Kifaa kidogo cha AIS (mfumo wa redio unaotambulisha vyombo na mahali vilipo baharini) kinachofungwa kwenye jaketi la kujiokolea, kinachojiwasha jaketi linapofura na kuonyesha mtu alipo kwenye skrini ya chombo chenye mfumo huo, kingetuondolea kubahatisha. Bei si ndogo, nakiri, ila matajiri wa mashua waanze na mabaharia wa zamu za usiku.

Nahodha, Lamu