Msiwasingizie Vijana: Barua kwa Wazee Wenzangu wa Kanisa

Wazee wenzangu, Bwana Yesu asifiwe.

Naandika nikiwa na uchungu, na mwenye uchungu hapimi maneno. Mnivumilie.

Mtakumbuka baada ya Pasaka tulimzika fundi cherehani wetu, yule aliyeimba besi kwenye kwaya hadi mvi zikamwota. Usiku wa msiba wawili kati yetu waliingia chumbani kwa mjane. Nilidhani wanakwenda kuomba naye. Kumbe wanadai bahasha za sadaka ya ahadi! Mama wa watu akafungua sanduku la bati, akatoa vitenge, vyeti vya ubatizo vya watoto, futi kamba ya marehemu, na chini kabisa bahasha tatu za mwaka ule. Mzee mwenzetu akalamba kidole, akazihesabu kama ni kumi, kisha akatamka kwamba ahadi haijatimia, mwili hauingii kanisani. Tukapitisha kofia palepale msibani, deni likalipwa, na mwili ukaingia. Kijana wake wa mwisho alikuwa mlangoni na chupa ya chai mkononi, anasikia yote.

Tangu maziko hajakanyaga ibadani. Na juzi kwenye kikao mkasema kaponzwa na simu.

Simu? Yule mtoto mmemfukuza nyinyi, nami nikiwemo, maana nilinyamaza. Baba yake alishona majoho ya kwaya bure. Mbona hayo hatukuyaandika kwenye kadi? Mnalalamika vijana wanakimbilia kwenye mahema ya manabii kununua maji na mafuta ya upako. Kweli wanauziwa, na wale manabii sina hamu nao. Ila walianza kuuziwa kwetu. Na walio wengi hata huko hawaendi: Jumapili wanaosha pikipiki, wanasali kimoyomoyo, basi.

Halafu huo umoja tunaouhubiri. Wenzetu Walutheri mwaka 1963 waliunganisha makanisa saba, ya Bukoba, ya Kusini, ya Usambara na kwingineko, likawa moja, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT ya leo. Sisi kanisa moja tumelitia kufuli mbili, kila kundi na ufunguo wake, na Jumapili ile ya mvua tukasali chini ya mwembe. Ugomvi wenyewe ni wa nini? Fremu nne za barabarani, nani apokee kodi.

Mwaka 1913 wamishenari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, wakitaka kushirikiana, wakamaliza kwa kushiriki Chakula cha Bwana pamoja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana, akawaka, akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwamba wamepotoka. Ugomvi ule ulifika hadi Uingereza. Mimi sikubaliani naye, lakini angalau yule aligombania imani. Sisi tunagombania kodi ya duka la vocha, halafu tunasoma Yohana 17, Yesu anapoomba wafuasi wake wawe kitu kimoja, kwa sauti nzito.

Mengine nayataja tu. Mahesabu yasomwe hadharani. Mnada wa kuku na mapapai usizidi mahubiri kwa urefu. Vijana wapewe kura barazani, wasiishie kupanga viti. Aliyehamia kwa Wapentekoste tukikutana naye sokoni, tumsalimie.

Najua mnachoka. Paa linavuja, mchungaji ana watoto wa kusomesha, na fedha haziokotwi. Nami nimekuwa mtunza hazina, najua usiku usio na usingizi. Lakini nchi nzima imeshazoea kumwomba mnyonge risiti kabla ya kumwuliza hali: zahanati hivyo, ofisini hivyo. Kanisani nako?

Ile futi kamba ilianguka usiku ule, nikaiokota, ikabaki kwenye koti langu hadi leo. Alhamisi jioni nitampelekea kijana. Anayetaka tufuatane anikute njiapanda saa kumi, ila daftari la ahadi aliache nyumbani.

Mzee mwenzenu