Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliouliza Swali Letu Wenyewe

Ndugu wanachama,

Hamjambo. Naanza na mama mmoja wa Dunga, ufuo wa wavuvi huko Kisumu, Kenya, kwa kuwa yeye ndiye aliyetupa kazi ya mwaka huu.

Muuguzi mwenzetu alimwanzishia dawa za presha, akampa tarehe ya kurudi. Hakurudi. Akapewa nyingine, hakuonekana. Asubuhi moja mwenzetu huyo aliteremka ufuoni kununua samaki, akamkuta mama yule kando ya mitumbwi, beseni la omena mbele yake. "Sista," mama akamwambia, "kliniki yako inafunguliwa saa mbili, na boti zinatua saa hizo hizo. Nikija kwako, watoto watakula nini?"

Kwenye rejista tulikuwa tumemwandika mtoro.

Basi swali likazaliwa hapo: wagonjwa wa presha wanaokosa kurudi huzuiwa na nini, na lipi kati ya hayo tunaweza kulirekebisha sisi wenyewe zahanatini? Nasisitiza kwamba swali lilitoka kwetu. Miaka mingi tumekuwa mikono ya utafiti wa watu wengine. Kwenye kituo fulani nilikofanya kazi zamani nilijaza fomu za utafiti miaka miwili, gari likaondoka na makaratasi, na hadi leo sijaambiwa walichogundua. Mchango wa mikono hiyo siudharau. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, wauguzi ndio waliowachanja watoto na kuwaandika. Lakini anayekaa na mgonjwa kila siku huona mambo ambayo mgeni hawezi hata kuyaulizia.

Wenzetu Marekani walilitambua hili mapema. Mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha Colorado mafunzo ya wauguzi wa kupima wagonjwa, kutambua maradhi na kuwatibu katika huduma ya msingi. Mama Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104. Hapa kwetu cheo hicho hakijazoeleka, ila kazi yenyewe tunaifanya: zahanati nyingi za daraja la pili zinaendeshwa na muuguzi. Nayo Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 imeweka mitandao ya vituo. Mitandao hiyo ikipeleka wagonjwa, kwa nini isipeleke maswali pia?

Vibali vilituchosha. Kamati ya maadili kwanza, kisha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kisha kaunti. Hata hivyo sitaki mwanachama yeyote aruke hatua hata moja, maana siri ya mgonjwa inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kabla ya sheria inalindwa na kiapo chetu. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza. Bibi mmoja aliposikia "weka sahihi" alirudisha kalamu, akidhani ni mkopo. Tukaiandika upya kwa Dholuo na Kiswahili, tukawasomea kwa sauti.

Sasa lililoniuma. Daftari za mwezi wa kwanza wa utafiti zilipokusanywa, tuligundua kwamba hatupimi presha kwa namna moja. Mmoja alimpima mgonjwa aliyeshuka boda dakika hiyo hiyo, mwingine juu ya mkono wa sweta, mwingine huku wakipiga gumzo. Mkono mnene ulifungwa ukanda mdogo, ambao hupandisha kipimo kuliko hali halisi. Tuliziweka kando daftari zote. Najua mlivyokesha kuzijaza, na nawashukuru kwa kukubali. Tangu hapo ni dakika tano za kupumzika, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kimya, na vipimo viwili. Hata kama utafiti ungeishia hapo, wagonjwa wetu wangekuwa wamefaidika.

Fedha: tumetumia ada zetu tu, nyingi zikaishia kwenye uchapishaji na nauli. Mweka hazina atawasomea hesabu.

Mwaka ujao tunaomba ruhusa ya kujaribu kliniki ya presha ya alasiri karibu na ufuo, boti zikishatua na samaki wakishauzwa. Kabla ya hilo, kila zahanati iliyoshiriki itawaita wagonjwa wake na kuwasomea tulichopata. Mama wa Dunga nitamfuata mwenyewe, asubuhi, pale pale kwenye mitumbwi.